Pini Kwenye Lastiki

Fundi Lastiki alipewa jina hilo na wateja. Miaka thelathini alishona sketi za shule zenye kiuno cha kuvutika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukatikiwa lastiki. Yeye mwenyewe sare aliivua mapema, tumbo lilipoanza kuonekana akiwa darasa la saba. Sasa ana miaka hamsini na miwili, anasoma darasa la watu wazima, na mtihani umeshamwangusha mara mbili. Kanuni haina huruma: ukianguka mara ya tatu, unafutwa.

Balaa ni kwamba mwalimu wake wa sayansi alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, kijana mwenye adabu kupita kiasi. Atamwambiaje mama mkwe kuwa amekosea? Kila jibu la mama alilitia alama ya vema, hata lile la kwamba ulimwengu unatanuka kutoka kwenye kitovu chake.

Siku ya mtihani wa mdomo akaja mtahini mgeni, mwanamke mwenye miwani mikubwa. Mkwe alikaa pembeni, jasho likimtiririka.

"Ulimwengu unatanuka," mtahini alisema. "Kitovu chake kiko wapi? Tumia kifaa chochote."

Fundi hakuwa na wasiwasi, jibu lake si lina vema? Akatoa lastiki mkobani, akachomeka pini kila inchi, akaivuta. Akatazama pini ya katikati: nyingine zote zinaikimbia. Safi kabisa! Lakini fundi hapimi mara moja. Akavuta tena, safari hii akitazama pini ya pembeni. Nayo ikakimbiwa na zote, za mbali zikienda mbio zaidi. Akaguna.

"Mkwe wangu, umenidanganya!"

Mkwe alitamani ardhi ipasuke.

"Kila pini inajiona ndiyo kitovu," fundi akaendelea. "Basi kitovu hakuna."

"Lakini lastiki yako ina ncha mbili," mtahini akambana. "Chenye ncha kina katikati."

Fundi akaziunga ncha kwa pini, kama kiuno cha sketi. "Haya, nionyeshe katikati."

Mtahini akaingiza kidole ndani ya duara. "Hapa."

"Hapo ni tumbo la mwenye sketi, mwalimu. Lastiki hapo haipo. Sasa kama ulimwengu umeungwa hivi sijui, sikuushona mimi. Ila hakuna pini ya kuwaringia wenzake."

Mtahini alicheka mpaka akavua miwani. "Umefaulu, mama."

Fundi aliruka kama msichana, machozi ya furaha yakimlengalenga. Kisha akamshika mkwewe bega.

"Mwanangu, kuanzia leo nikikosea, niambie."

Mkwe akajibu. "Basi, Mama... na lile jibu la mwezi ulikosea."

"Enhe! Hapo sasa umeingia kwenye familia." Akavuta kiti, akafungua daftari. "Lingine?"

"Yapo kumi na manne, Mama."