Wiki Mama Alipokatazwa Kumenya Ndizi

Mashine ya kusoma alama za vidole ilimkataa mama mara tatu, na kila mara aliitazama kama anavyomtazama mtoto aliyempita njiani bila kumpa shikamoo.

Ulikuwa mwaka ambao masika hayakuja. Huku kwetu Masama, juu kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, migomba ilivumilia. Lakini mahindi hatulimi juu. Tunayalima chini, kwenye mashamba ya tambarare, na huko mabua yalikauka yakiwa hayajafika kiunoni. Serikali ikaleta mahindi ya msaada kwa kaya zilizokosa mavuno, gunia moja kila mgao. Jina la mama lilikuwamo kwenye orodha. Gunia lake lilifika, likawekwa mbele yake, kisha likarudishwa ghalani kwa sababu kidole chake hakikusomeka.

"Nimeliona kwa macho yangu," aliniambia kwenye simu. "Limeshonwa kwa uzi wa bluu. Wamelibeba wawili wakalirudisha ndani."

Nilikuwa Mabogini wakati huo, kwenye mashamba ya mpunga, nikiwasimamia wavunaji wa tajiri mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye miwa, kabla ya miwa nilikuwa Tanga, na kabla ya Tanga hata sikumbuki vizuri. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mahali pamoja miaka miwili. Lakini mama hakuwa mtu wa kupiga simu kwa ajili ya kitu kidogo. Nikaaga, nikapanda mlima.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa msajili, binti mpole aliyetumwa kutoka wilayani na mashine yake kwenye mfuko wa begani. Akamwamkia mama, akamfuta kidole kwa kitambaa, akakibandika kwenye kioo. Mashine ikalia kukataa. Akajaribu kingine. Ikalia tena.

"Mama, vidole vyako vimejaa utomvu," alisema.

"Nimemenya ndizi asubuhi."

"Na jana?"

"Na jana. Kwani jana hatukula?"

Mtu ambaye hajamenya ndizi mshare hawezi kuelewa. Utomvu wake unanata, unaingia kwenye kila mstari wa kidole, halafu unakuwa mweusi kama lami. Wengine hupaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu. Mama anasema mafuta yanateleza, ni mambo ya wake za watu wa mjini.

Binti akatueleza kwa heshima. Mgao huo ulikuwa umebakiza siku moja tu, wiki moja baadaye. Kidole kikikataa tena, jina litaondolewa, na mahindi atapewa mwingine aliyekuwa akisubiri. Dawa ilikuwa moja tu: mama asiguse ndizi wiki nzima, apumzishe mikono, aipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni.

"Na nani atamenya?" mama akauliza.

Wote wawili wakanigeukia.

Wiki ile sitaisahau. Mama aliwekwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mikono imeng'aa mafuta, kanga mapajani. Nilikata majani ya ng'ombe, nikazoa samadi, nikachanja kuni, nikamenya ndizi. Yeye alibaki na kazi moja tu, kuongea.

"Unamenya au unachonga mwiko?"

"Namenya, mama."

"Hilo ganda lina nyama kuliko ndizi yenyewe. Ng'ombe wangu atanenepa mwaka huu."

Kukamua alikataa katakata kuniachia. Alisema binti wa wilayani alikataza utomvu, hakukataza maziwa, na tena maziwa yanalainisha ngozi. Nilipojaribu kubisha, ng'ombe mwenyewe aliniangalia vibaya, nikaacha.

Jirani yetu, mama mmoja ambaye wamelima naye kahawa tangu usichana wao, alikuja siku ya pili kuhakikisha habari aliyoisikia. Akasimama uani, mikono kiunoni.

"Kumbe ni kweli! Mwenzangu umekuwa bibi harusi. Umekaa tu, unapakwa mafuta!"

"Nimefungwa," mama akamjibu. "Huyu ndiye askari wangu."

"Askari mwenyewe anachechemea."

"Amejikata na panga. Amezoea kazi ya kuwaonyesha watu kidole."

Wakacheka mpaka wakafutana machozi. Mimi niliinamia beseni langu la ndizi, nikajisikia nina miaka kumi tena, ninachekwa uani kwetu na watu wanaonipenda. Katika mizunguko yangu yote nimetafuta sana kicheko cha namna ile, na huwa sikipati.

Siku ya tano nilitoka kuchota maji, nikamkuta nyuma ya banda la ng'ombe, amechuchumaa.

"Mama!"

"Nini?"

"Una kisu."

"Nakinoa."

"Na hayo maganda?"

Aliyaangalia kana kwamba yameletwa na upepo. "Ni tatu tu. Za mtori. Zako zilikuwa na vidonda."

Nikamsugua vidole kwa limau na mafuta ya taa mpaka akaniita mkatili. Lakini niliona wazi kwamba hakuwa na utani tena. Aliniuliza taratibu, "Hivi kikikataa, gunia langu watalipeleka kwa nani?" Nikamwambia sijui. Akasema hana ubaya na huyo mtu, awe nani awe nani, ila debe la mahindi la jikoni lilikuwa limebaki robo, na yeye hajawahi kupika makande kwa mahindi ya kuomba kwa jirani.

Siku ya mgao tulipanga foleni kwenye ghala la zamani la kahawa. Nilipokuwa mdogo niliinuliwa pale kwenye mzani mkubwa, nikapimwa kama gunia, watu wakasema mimi ni daraja la tatu. Kahawa imepungua sana siku hizi, lakini ukiegemea kuta zile bado unaisikia harufu yake.

Zamu yetu ikafika. Mama akanyoosha kidole gumba kilichotakata kuliko nilivyowahi kukiona. Mashine ikalia. Cha shahada, ikalia. Vyote kumi, kimoja kimoja. Ikalia.

Binti akaviinua vidole vile kwenye mwanga. "Si utomvu tena, mama. Mistari yenyewe imekwisha."

"Imekwisha kwa kazi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Binti akafungua daftari, akasoma, akafunua tena. "Kuna njia nyingine. Mwakilishi anaruhusiwa. Ila lazima awe mkazi wa kaya hiyohiyo, mwenyekiti amthibitishe, na kila mgao aje mwenyewe na kidole chake."

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa sweta na kofia ya sufu, alikuwa ameketi pembeni. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni mkazi?"

"Nimezaliwa hapa."

"Sijauliza umezaliwa wapi. Nimeuliza unalala wapi."

"Huyo ni mkazi wa Desemba!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni.

"Mwaka jana hata Desemba hakuja," akadakia mwingine, na ghala zima likacheka.

Jirani yetu akasonga mbele. "Acheni maneno! Wiki nzima anamenya ndizi, mimi nimeshuhudia. Anamenya vibaya, lakini anamenya. Mtazameni mikono!"

Nikainua mikono. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viganja.

Mwenyekiti hakucheka. "Mgao ni kila baada ya miezi mitatu," alisema. "Nikiandika kwamba unaishi hapa, halafu ukapotea kama kawaida yako, mama yako atakosa. Nami nitakuwa nimesema uongo. Unalala hapa mpaka lini?"

Nilikuwa nimekwisha kumwahidi rafiki yangu wa Mbeya kwamba mwisho wa mwezi ningekwenda tufanye naye biashara ya viazi. Nikamtazama mama. Yeye hakunitazama. Alikuwa akiliangalia gunia.

"Mpaka shamba la chini litoe mahindi," nikasema.

"Hiyo ni mvua mbili au tatu."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

Akaandika, akagonga muhuri. Binti akanivuta kidole gumba, akakibandika kwenye kioo. Mashine ikalia.

Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika Machame. Binti mwenyewe aliegemea ukuta akishindwa kuongea. "Utomvu," alisema hatimaye. "Utomvu umejaa!" Mtu akaleta limau, mwingine akaleta mchanga, jirani yetu akanisugua kama sufuria lililoungua, na mama, ambaye sasa alicheka mpaka kilemba kikamtoka, akawa anaelekeza: "Kwenye kucha! Sugua kwenye kucha!" Kidole cha pete cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali.

Nililibeba gunia mgongoni kupandisha mpaka nyumbani. Mama alitangulia, akisalimia kila nyumba, hata zile ambazo huwa tunazipita kimya.

Jioni, makande yakiwa jikoni, nilimpigia rafiki yangu wa Mbeya kumwambia kwamba sitakuja. Akakasirika kidogo. Akauliza huko mlimani nimepata kazi gani ya maana hivyo.

"Mimi ni kidole cha mama," nikamwambia.

Ilibidi nimweleze mara mbili, na ya pili alicheka mpaka salio langu likaisha.