Baba Yake Burhani Kwenye Filamu ya Waingereza

Burhani Maulid, mnunuzi wa jinzi za Xintang kule Uchina, ana miaka sitini na mbili, na mpaka mwaka huu wa tisini na nane hakuwa anaijua sura ya baba yake. Mzee alikufa yeye akiwa tumboni, wala picha hakuacha. Burhani alichokuwa nacho ni filamu moja ya Waingereza, zile za mwanzo mwanzo zilipoanza kusema, iliyopigwa kwetu Tanga. Aliiona utotoni kwenye gari la sinema, imejaa mikwaruzo kama mvua ya masika. Humo akamwona mtu mrefu mwenye mkuki anamfokea Mzungu. Basi, akasema yule ndiye baba.

Mwenye mkuki huyo amezunguka naye kote. Hata mwenye kiwanda kule Xintang, asiyejua neno letu hata moja, keshaoneshwa. Burhani hutunisha kifua, huinua mwavuli, hufoka. Mchina humpunguzia bei ili aondoke.

Juzi, safari hii nimefuatana naye, tukaikuta filamu hiyo mtaa wa Sanyuanli, huko huko Uchina, kwenye duka la sidii, imesafishwa upya, haina mkwaruzo hata mmoja. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka, akaijaribu kwenye televisheni kabla hatujanunua.

Mimi siku ilipopigwa nilikuwa na miaka tisa, nimekaa juu ya ukuta nikaona yote. Na Maulid fundi cherehani alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango. Aliye hai anayemjua ni mimi tu.

"Dada Mwanahija, huyo hapo. Sema ndiye."

"Siye. Huyo kuli wa bandarini."

"Tazama vizuri, Dada."

"Natazama kuliko wewe. Mwambie arudishe nyuma."

Laoban akarudisha. Zamani nyuma ya mkuki palikuwa giza tupu. Sasa watu wanaonekana mpaka meno. Safu ya tatu yuko mfupi mmoja, kavaa majani kiunoni, ngao kaishika juu chini. Waliambiwa wakasirike, na wote wamenuna. Huyu anacheka mpaka machozi, majani yanamtekenya.

"Baba yako huyo."

Burhani akauliza, "Yule anayejikuna?"

"Huyo huyo."

"Labda umemsahau, Dada. Miaka mingi."

"Sikumsahau. Wapiga filamu walimtoa mara tatu kwa kucheka, akarudi kwa upande mwingine. Ukitaka kudanganywa, tafuta mtu mwingine."

Burhani akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akaomba irudishwe, ikarudishwa, akaomba tena. Mara ya tisa akaashiria sauti iongezwe.

Laoban akaongeza. Mzungu anahutubia kwa Kiingereza chake, na nyuma ya hotuba, kwa mbali, kwi kwi kwi.

Burhani akakaa juu ya katoni la watu.

"Huyo Mzungu anyamaze," akasema. "Namsikiliza baba."