Kifutu Ndani ya Mikeka

Kwetu wafugaji ni wanawake wanaojenga nyumba ya mikeka, na ni sisi tunaoibomoa. Ukihama, unakung'uta kila mkeka kabla ya kuukunja, maana nyoka anapenda joto la chini yake. Lakini mwaka ule wa mafuriko, maji ya mto Tana yalikuwa yameshafika zizini. Binti yangu akakunja mikeka bila kukung'uta, tukaipakia juu ya ngamia, na mjukuu wangu mdogo tukamkalisha juu ya mzigo, kama watoto wetu wanavyosafiri.

Njiani mtoto akaniita, "Ayeyo, huu mkia wa nani?"

Nikatazama juu. Kifutu mnene kama mkono wangu alikuwa ametoka nusu kwenye mkeka, kando ya mguu wake. Nikipiga kelele, ngamia atakimbia. Nikimpigisha magoti, mzigo utainama na nyoka atamwangukia mtoto.

"Wa mbuzi," nikasema. "Amelala, usimguse. Ruka, ayeyo wako akudake."

"Mbuzi hana mkia hivyo!"

"Ruka, mbishi wewe!"

Akaruka. Nilimdaka, tena mimi na goti langu bovu! Kutazama tena, kifutu amesharudi ndani ya mikeka.

Jioni tulisukuma mzigo chini kwa fimbo ndefu. Mvua ikanyesha, nyumba iko pale imekunjwa, na hakuna aliyethubutu kuifungua. Tulilowa mpaka asubuhi. Mjukuu alilala kifuani pangu, na mimi kila mara nikimpapasa miguu yote miwili.