Kikapu Kimerudi kutoka Dodoma

Leo nimeitwa stendi kuchukua mzigo. Kufika, nakuta ni kikapu changu mwenyewe, kile nilichomuuzia mteja wa Dodoma.

Mteja wa kwanza, jamani! Tangu nianze kuposti vikapu anavyosuka mama mkwe kupoteza muda.

Nikajua kosa liko wapi.

Mama alivuka mpaka pale Kagunga na wakimbizi wenzake mikono mitupu, ila mila hakuacha hata moja. Siku ya kutuma aligoma kikapu kisafiri bila kitu ndani.

"Oya, hapana! Kikapu kitupu unampelekea mtu uliyegombana naye."

Akakijaza dagaa.

Dagaa! Kwenye kikapu cha kupamba sebule ya watu.

Basi nimerudi nacho Ujiji nimenuna, bila hata kukifungua, maneno ya kumwambia nimeshayapanga. Mama akafungua kifuniko taratibu.

Ndani kuna sukari, majani ya chai na kitenge kipya.

Kabla sijafunga mdomo, mteja akapiga simu, nikaweka spika.

"Shikamoo mama! Mimi mtoto wa Kasulu. Dagaa tumekula, asante. Ningerudishaje kikapu kitupu?"

"Huyu binti amelelewa," mama akasema, huku akinitazama mimi.

Sasa hivi naandika hapa, mama anachambua maharage ya kutia ndani. Kikapu kinarudi Dodoma kesho, na kimejaa.

Wajuzi wa biashara za mtandaoni, nisaidieni: mteja akishageuka wifi, kikapu cha pili nitamtajia bei kwa mdomo gani?