Modemu ya milango mitatu, na vile mjukuu wangu aliifanya ibishe hodi

Wakuu, salamu kutoka Kiplombe, huku Eldoret. Mimi ni nyanya, kwa lugha yetu gogo, shule niliachia darasa la tatu. Naandika pole pole kwa simu, lakini uongo sitatia.

Mwaka ule wa vita vya uchaguzi, vijana wa kwetu walikuja kumtafuta mke wa marehemu mwanangu. Yeye ni mtu wa kutoka ziwani, si wa kabila letu.

Nikasimama mlango wa mbele nikiwatukana. Yeye akatokea wa nyuma, akapita kwa mahindi.

Nyumba ya mlango mmoja ingekuwa kaburi lake.

Binti yake Chebet akabaki nami, kwa sababu ana sura ya kwetu. Mama yake hakukanyaga Eldoret tena. Alikuwa anatuma meseji tu, kwa line yangu. Hiyo namba ndiyo pekee alikuwa nayo.

Miaka ikaenda, Chebet akaingia college. Simu yangu ikaharibika, akaomba line aweke kwa modemu, kale kadude ka internet ka kuchomeka kwa laptop.

Nikamwambia, "Na mama yako akituma meseji, nani ataona? Mashine?"

"Gogo, nipe wiki moja."

Shida ilikuwa hii. Akiwa kwa internet, meseji hazionekani mpaka atoke. Kumbe modemu moja ukiichomeka, laptop yake ya Linux inaona port tatu. Mimi nasema milango. Internet ilikuwa imekalia mmoja.

Milango hiyo inafunguliwa na driver, programu ndogo inayounganisha modemu na laptop. Akauliza kwa forum moja. Jamaa akamjibu, "Binti, driver ifiche hizo zingine, zinachanganya watu."

Chebet akamjibu, "Driver ikificha mlango, programu itaingilia wapi?"

Huyo ni wangu. Hajui kunyamazishwa.

Tena ukichomoa modemu ukirudisha, namba za milango zinaweza kubadilika. Kwa hivyo hakushika namba. Aliandika programu inayobisha hodi kila mlango: inatuma AT, ndiyo hodi ya modemu, inangoja. Ukijibu OK, una masikio. Wa tatu ulinyamaza kama mkwe mbele ya wazee, akauacha.

Wa kwanza akaupa internet. Wa pili akauweka usikilize meseji tu, mchana kutwa.

(Nilimuuliza kama mlango unachoka. Alicheka mpaka chai ikamwagika.)

Jumamosi moja alikuwa ana-download kazi ya college, mimi nachambua mboga ya managu. Kitu kikalia kwa laptop. Akasoma, akanisomea meseji ya mama yake:

"Mama, niko stage hapa Kiplombe. Naogopa kuja. Nisipojibiwa, narudi na hii gari. Ule mlango wa nyuma bado uko?"

Na download bado inaendelea, wakuu. Kwa ile njia ya zamani, tungeona hiyo meseji jioni, na yeye ameshafika Kisumu.

Nikamwambia Chebet andika: "Uko. Lakini leo unaingia wa mbele."

Akaingia wa mbele, saa ya chakula, majirani wakiangalia. Nilitaka waangalie.

Nilichojifunza: driver kazi yake ni kufungua milango yote na kukaa kando. Kuchagua ni kazi ya programu, kwa sababu ndiyo inajua imekuja kutafuta nini.

Kama kuna mkuu bado anataka driver ifiche milango, aandike hapa chini. Chebet ako kazini, lakini mimi niko.