Siku Nilipomcheka Mumba

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo naisikia kama harufu ya chaki. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma sekondari hapa Lubumbashi. Mwalimu wetu wa hesabu alitafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda kushindana na shule nyingine za mji. Akauliza nani anajisikia tayari, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mumba.

Mumba alikuwa ametoka Lukafu mwaka uleule, mtoto wa wakulima, akikaa kwa mjomba wake katika mtaa wa Katuba. Alizungumza polepole, na Kifaransa chake kilikwamakwama. Sisi watoto wa mji tulikuwa tumeshamaliza kumjua kabla hajatueleza lolote: mtu wa kijijini, mtu wa jembe. Basi nilipouona ule mkono nikacheka, nikamwuliza mbele ya wote, "Mumba, kwenu banahesabiaka na punje za mahindi?"

Darasa zima lilicheka. Mumba akashusha mkono. Hakunitazama. Alibaki analainisha ukurasa wa daftari kwa kiganja, na ukurasa wenyewe haukuwa umekunjika.

Wenzangu wakasema niende mimi, Mukendi. Unajua kwa nini? Kwa sababu wazazi wangu walitoka Kasai, na baba yangu aliuza vitambaa sokoni. Walishaamua kwamba watoto wa Kasai ni watu wa kinywa na wa akili za hesabu. Kumbe hesabu zilinishinda tangu shule ya msingi, nami nilikuwa nanakili za jirani. Lakini wao walitaka Mukendi wa kelele na majigambo, nikawapa huyohuyo, maana walipocheka nilidhani wananipenda. Mwalimu alinitazama kwa mashaka, lakini makofi yalikuwa yameanza na mimi nimeshasimama. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Niliitwa ubaoni, nikasomewa swali, nikashika chaki. Sikujua hata pa kuanzia. Nikajaribu mzaha. Hakuna aliyecheka. Nilipogeuka kuwaangalia wenzangu nikamwona Mumba amekaa mstari wa nyuma, ameinamisha kichwa, midomo yake inasogea taratibu. Alikuwa anakokotoa. Kisha midomo ikatulia, nami nikajua kwamba jibu analo. Nikarudisha chaki, nikashuka.

Nyumbani baba alikuwa ameshasikia, na vilevile alikuwa amesikia habari ya Mumba. Nilingoja fimbo. Baba yangu, ambaye soko zima lilimjua kwa sauti na vichekesho, alivuta kiti akakaa karibu nami. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mukendi, miye sipendake kelele. Nilifika huku, bantu bakasema Mukasai ni kinywa, nikabapatia kinywa. Miaka makumi mbili nacheka nabo ku soko. Leo hakuna mwenye anajua miye ni muntu wa namna gani. Na weye unafanya vilevile, tena mubaya zaidi, sababu ule mwenzako ulimufunga kinywa."

Fimbo ningeisahau, mwanangu. Maneno hayo sikuyasahau. Nilikuwa nimekaa miaka yote katika nyumba moja na baba yangu, na mimi pia sikuwa namjua.

Kwa siku mbili Mumba hakuja shuleni. Siku ya tatu nikaenda Katuba. Nilimkuta anapanga nguo zake katika mfuko. Akaniambia bila hasira kwamba anarudi Lukafu. Alisema pengine watu wanasema kweli, shule si ya watu wa jembe. Mzaha wangu wa sekunde mbili ulikuwa unamtoa kijana shuleni.

Nikamwomba msamaha. Aliendelea kukunja nguo. Ndipo nikatoa lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu: "Mumba, miye hesabu sijuake. Hata kidogo."

Akaacha kukunja shati. "Njo maana unapigaka kelele?"

Nikakubali. Akanitazama sana, kisha akaketi juu ya ule mfuko. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia nilete daftari kesho.

Jumatatu nilisimama darasani nikasema mbele ya wote kwamba hesabu sizijui na kwamba Mumba ndiye anayenifundisha. Marafiki wawili waliniacha, kwani Mukendi asiyechekesha hakuwa na faida kwao. Iliuma, sikufichi. Mwaka uliofuata Mumba alikwenda mashindanoni. Alitoka wa nne, bila zawadi yoyote, akarudi akitembea kama mtu aliyerefuka. Leo ni afisa wa forodha kule mpakani Kasumbalesa, na madereva wa malori humwulizia yeye kwa jina, maana karatasi zake hazina kosa.

Na mimi? Likizo moja Mumba alinipeleka kwao Lukafu. Nikashika jembe kwa mara ya kwanza, nikatulia moyo kuliko nilivyowahi kutulia. Nikasomea kilimo. Watu wakashangaa, Mkasai na matuta wapi na wapi? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilipopata shamba langu la mboga upande wa Luano, baba, akiwa mzee tayari, alikuja akaketi kando ya matuta mchana mzima bila kusema neno. Sikumsemesha. Sijapata kumwona na furaha kama siku ile.

Mwanangu, leo mnachekana ndani ya simu: Bakasai wako hivi, Bakatanga wako vile, wasichana hawawezi hiki, watoto wa vijijini hawajui kile. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake, wala hujui uzuri wake. Lipende kabila lako na uwaheshimu waliokuzaa, lakini usikubali wenzako wakuamulie utakavyokuwa, hata wakikupigia makofi. Hasa wakikupigia makofi. Na mwenzako akiinua mkono, mwache aseme. Ukiwa umeshamcheka, usingoje afungashe nguo zake. Nenda kwake mapema, ukaseme ukweli wako kwanza.

Mungu akupe marafiki watakaokuuliza wewe ni nani na kungoja jibu. Akupe ujasiri wa kulijibu swali hilo kwa sauti yako mwenyewe, iwe kubwa au ndogo. Uende salama, mwanangu, na popote utakapoingia, watu wakujue kweli.