Haragwe la Mbegu

Kila mwaka upepo wa mlimani unapoanza kushuka na mawingu kukaa chini juu ya mabati, mimi hushusha kibuyu cha mbegu na kuvunja samadi kavu iliyoziba kinywa chake. Kwanza hutoka majivu, halafu harufu: majivu ya kale, maganda makavu, na kitu kidogo cha ukungu ambacho sijui nikiite nini. Wajukuu hukimbia wakipiga chafya. Mimi hubaki pale pale na ungo mapajani, uso unaniwaka. Ndiyo, ndugu zangu, bibi mzima wa Majengo, nywele nyeupe kichwa chote, naona haya mbele ya maharagwe. Nitawaambia ninyi sababu, kwa maana wale niliopaswa kuwaambia wamekwisha kwenda.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, katika ile miaka ya hamsini, Goma ingali mji mdogo ambao ukipiga kelele upande mmoja unasikika upande wa pili. Baba alikuwa seremala. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao juu ya msingi wa mawe meusi, yale mawe ya volkeno yanayokula nyayo na magoti ya watoto. Ndani tulikuwa watano: baba, mama, mimi Yozefina, mdogo wangu Bahati, na shangazi Veneranda, mdogo wake baba, msichana wa miaka kama ishirini aliyetoka Rutshuru kuja kumsaidia mama kumlea huyo Bahati.

Na Bahati alihitaji mlezi, si mchezo. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, miguu imeshajua kutembea lakini kichwa hakijajua pa kwenda. Ukimtoa kwenye sufuria, yuko kwenye mkaa. Ukimtoa kwenye mkaa, ameshika misumari ya baba. Siku moja tulimkuta amekaa ndani ya tenga la kuku, na kuku wenyewe wamesimama nje wanamtazama. Baba alisema mtoto huyu ni kama Mzungu wa barabara, kutwa nzima anakagua. Shangazi peke yake ndiye aliyemuweza. Alimfunga mgongoni na kuendelea na kazi zake, akimtajia polepole majina ya ng'ombe wa kwao mpaka alale, na mara nyingi hata ng'ombe wa tano hakufika.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kinaisha. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, na ziwa likabadilika rangi. Baba aliziba nyufa za mbao kwa vipande vya magunia. Mama alirundika kuni chini ya upenu, kisha akafumua triko kuukuu la sufu ili amfumie Bahati lingine. Ila kazi kubwa ya majira yale ilikuwa mbegu. Mvua za kwanza zisikukute hujachagua.

Hapa lazima nieleze. Mama alizaliwa Masisi, na siku alipoolewa mama yake alimpa kibuyu cha maharagwe ya kupanda: manene, meupe, yenye pete nyekundu kuzunguka jicho. Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Hayakupikwa kamwe, hata njaa ipige hodi. Mkono ulioruhusiwa kuingia ndani ya kibuyu kile ulikuwa wa mama, na baada yake wa binti yake wa kwanza. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, mama alinikabidhi mimi.

"Chagua ile yote yenye matundu, utupe," aliniambia akichukua jembe kwenda shambani upande wa Kanyaruchinya. "Na mutoto asiguse. Maisha yetu iko mu hii kibuyu, Yozefina."

Shangazi alikuwa ameenda ziwani kuchota maji. Nikabaki mimi, ungo, na Mzungu wa barabara.

Nilianza vizuri, nawaapia. Lakini nje ya ua wenzangu walikuwa wanacheza mawe, ule mchezo wa kurusha jiwe moja juu na kuokota mengine kabla halijaanguka, na nilikuwa na sifa ya kutoshindwa. Walikuwa wananiita. Na Bahati naye alikuwa amegundua majivu ya kuhifadhia mbegu. Alijimwagia kichwani, akajipaka tumboni, akarudi kuingiza mikono yote miwili kwenye ungo. Nikimsukuma analia, nikimbeba anapiga mateke. Nikatafuta cha kumtuliza. Nikachukua maharagwe mawili, nikayabandika kwenye matundu ya pua yangu, nikapuliza: pu! Yakaruka.

Bahati alicheka mpaka akakaa chini. Akataka tena, na tena. Mara ya nne nikachukua haragwe moja, nikaliweka kwenye pua yake mwenyewe, tundu la kulia, nikamwambia, "Puliza."

Mtoto wa umri ule hajui kupuliza. Alivuta.

Nilimlaza, nikachungulia. Lilikuwa linaonekana bado, jeupe, karibu. Nikachukua bua la nyasi kulitoa, nalo likazidi kwenda ndani mpaka sikuliona tena. Bahati alilia, akapiga chafya mara mbili, halafu akaona mjusi ukutani akasahau. Nami nikajiambia, basi, kama amesahau hakuna neno. Si juzi alimeza kifungo cha shati la baba, na kikatoka chenyewe kwa njia yake? Haragwe nalo litapata njia. Kichwani mwangu mwili wa mtu ulikuwa barabara moja tu, kuingia na kutoka.

Shangazi aliporudi na maji alimkuta Bahati mweupe kwa majivu kama mzimu. Alicheka, akamvua, akamwogesha pale pale mlangoni kwa maji yaliyotoka ziwani. Upepo ulikuwa umeanza. Na mama ndiyo kwanza anaingia uani na jembe begani.

"Veneranda, unaogesha mutoto na maji ya baridi, na hii upepo?"

"Alikuwa majivu muzima, Mama Yozefina. Sikutaka angojee moto."

Mama aliweka jembe chini. Alimchukua mtoto, akamfunika kwa kitenge chake. Hakuna aliyeuliza majivu yalitoka wapi na aliyekuwa anamchunga alikuwa nani. Mimi niliinamisha kichwa kwenye ungo na kuchagua mbegu kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani.

Siku ya tatu kamasi lilianza. Siku ya tano Bahati alikuwa na homa, anahema kwa kinywa, akishika ziwa la mama anyonye anakosa pumzi, analiacha na kulia. Yule mkaguzi wetu alikuwa amelala mkekani mchana kutwa, kuku wanapita mbele yake na yeye wala hawatazami. Mama alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, akampaka mawese puani. Wanawake wa jirani walikuja, wakatikisa kichwa, wakasema baridi imemwingia kifuani, na ikishaingia kifuani mwa mtoto mdogo majira haya, mh. Waliishia hapo. Lakini kamasi lile lilitoka tundu moja tu, la kulia. Mimi nililiona. Kila nilipofungua kinywa niseme, niliona uso wa mama na kile kibuyu, nikafunga. Niliogopa fimbo, ndiyo. Zaidi niliogopa asinipe tena kibuyu.

Jumapili ile, tukinywa uji, mama alimwambia baba kwamba shangazi arudi kwao.

"Ni ndugu yangu," baba alisema.

"Na huyu ni mutoto wako. Angalia vile anahema."

Baba aliangalia. Akaweka kikombe chini, akatoka nje kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshapigwa randa. Shangazi alikuwa karibu na jiko, amesikia kila neno. Alianza kukunja kitenge chake cha pili polepole, pembe kwa pembe.

Mimi ndiye niliyemsindikiza mpaka mahali ambapo kamiyo ya wachuuzi wa Rutshuru ilikuwa inapakia abiria juu ya magunia matupu. Nilibeba mkeka wake kichwani. Njia nzima nilijiambia nitasema tukifika kwenye ule mti, nitasema tukifika kwenye duka, nitasema akishapanda. Mvua ya kwanza ya mwaka ilianza kunyunyiza, ile nyembamba ya baridi. Alipokwisha kupanda juu, shangazi alivua triko lake, la bluu, alilokuwa nalo moja tu, akanirushia.

"Umupe mama afumue, amufumie Bahati. Ile sufu yake ni kidogo, haitafika kwa mikono."

"Na weye?"

"Miye niko mukubwa. Yozefina, umwambie mama yako anisamehe. Sikujua maji itamuingia vile."

Kamiyo ikaondoka. Alikaa juu ya magunia amejikunja kwenye kitenge, mvua inampiga. Nilisimama na triko lile likiwa bado na joto la mwili wake. Ndugu zangu, nimezika watu wengi tangu siku ile, lakini ile safari ya kurudi nyumbani na triko mkononi ndiyo ndefu kuliko zote nilizotembea.

Kesho yake pua ya Bahati ilianza kutoa harufu, harufu ya maharagwe yaliyolala majini, na mama akambeba mpaka dispanseri. Nilimfuata nyuma nimeshika kitenge chake. Muganga alikuwa baba mmoja mnene, mpole. Alimulika pua ya kulia, akamulika tena, akaita mtu amshike mtoto kichwa. Akaingiza koleo ndogo nyembamba, akavuta.

Lilitoka limevimba, ganda limepasuka, na pembeni kimkia cheupe cha mzizi. Haragwe lilikuwa limeota.

"Mama," muganga alisema, "kwenu shamba imekosekana, mpaka munalima mu pua ya mutoto?"

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walicheka, hata mzee mmoja aliyekuwa anaumwa jino. Bahati alivuta pumzi ndefu, akapiga kelele ya hasira, akanyoosha mkono kuikamata ile koleo. Mama hakucheka. Alilichukua haragwe, akalifuta kwa ncha ya kitenge, akaliangalia. Ile pete nyekundu ilikuwa bado inaonekana, kuzunguka jicho. Halafu akaniangalia mimi.

Nilingoja kofi, pale mbele ya watu wote, na nawaambia ukweli, nililitamani. Hakunipiga. Alilifunga haragwe kwenye ncha ya kitenge, fundo moja, mbili, akambeba mtoto tukaenda. Tulipofika, baba alikuja mbio kutoka kwenye mbao zake kuuliza, na mama akajibu, "Ile baridi imemutoka."

Baba alishukuru Mungu. Bahati, ndani ya siku mbili, alikuwa amerudi kazini. Mama alilifumua triko la bluu la shangazi, akamfumia mtoto lake, na sufu ikafika mpaka kwenye vidole. Alifuma ameinamisha kichwa, na akimaliza mkono mmoja aliufumua na kuuanza upya, kana kwamba haukai sawa.

Kwa miaka mingi niliamini mama alinyamaza ili kuniokoa na baba. Nilimpenda kwa hilo. Nilipokuwa mkubwa, nilipokuwa na wifi yangu mwenyewe wa kulaumu, ndipo nilipoelewa. Asingeweza kusema kosa langu bila kusema na lake. Angelazimika kutuma neno Rutshuru kwamba, Veneranda, rudi, tumekuonea. Neno hilo lilimshinda, na kila siku iliyopita likazidi kuwa zito. Tukawa wawili tunaojua, mama na mimi, na hatukulizungumza hata siku moja, mpaka nilipomzika. Kibuyu aliniachia. Baba alikuwa na msemo wake, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi kilio hakikutufichua, na hapo ndipo palipoharibika.

Kule Rutshuru kulikuwa na watu waliokuwa wanamposa shangazi. Walisikia amerudishwa kwa sababu ya mtoto aliyeugua mikononi mwake, wakapoa. Aliolewa baadaye sana, na mzee aliyefiwa na mke. Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe.

Nilimtembelea mara moja tu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini, nina watoto wawili, wa pili yuko mgongoni, umri ule ule wa Bahati na fujo zile zile. Alifurahi mpaka akalia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bahati iko namna gani? Kifua yake?" Bahati wakati ule alikuwa jitu la kubeba mizigo bandarini, kifua kama mlango. Nikamwambia hana neno, ni mzima. Akafumba macho, akasema, "Mungu ni mwema."

Jioni akataka amwogeshe mwanangu. Aliteka maji, akayaweka motoni. Akayapima kwa kiwiko, akayarudisha motoni. Akapima tena, akaongeza kidogo ya baridi, akapima, akamwaga, akaanza upya. Mtoto alikuwa uchi anacheka, anapiga maji kwa mikono, na shangazi amesimama na kata mkononi, hamwagii.

"Weka weye mukono, Yozefina," alisema. "Miye sijiamini tena."

Yule mtoto wa miaka tisa naweza kumwombea msamaha, alikuwa mtoto. Lakini aliyekuwa amesimama pale Rutshuru alikuwa mama wa watoto wawili, hana wa kumpiga, hana wa kumnyang'anya kibuyu. Neno lilikuwa mdomoni, fupi tu: haragwe.

Niliweka mkono ndani ya maji. Yalikuwa mazuri, si ya moto, si ya baridi. Nikamwambia, "Iko sawa, shangazi," nikamshikia mtoto.